Siku Niliyohama kwa Kiswahili

Sitaki kuwazungusha, jamani. Yule fundi cherehani wa Kasulu aliyeletewa jeneza siku ya kuhamia chumba chake ni mimi, na kama mmewahi kusimuliwa kisa hicho kwenye pombe mkadhani ni cha kutunga, basi leo mnakisikia kwa mwenyewe, na aibu yake bado ninayo, maana hata sasa nikipita mtaa ule natazama upande wa pili kama mtu anayetafuta duka.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, nami nilikuwa kijana wa kushona barazani kwa Mzee Shomari, mfanyabiashara mzaliwa wa Ujiji mwenye ndugu zake huko pwani, mtu wa kofia safi na Kiswahili cha kumwagika ambacho ukikisikiliza unaona wewe hujawahi kusema kitu. Nilishona bugaluu (zile suruali pana chini, kijana akipita sokoni anafagia vumbi la watu wote), nikalipwa kwa kila nguo niliyoimaliza, na mvua zikizidi watu hawashonishi, kwa hiyo halipwi mtu. Nyumbani kwetu kulikuwa mlimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, na siku za kazi nililala stoo kwa Mzee Shomari juu ya magunia ya maharage, kisha kila Jumamosi napanda kwetu, ambako baba na mama bado walinihesabu kati ya watoto wa kulishwa, nalala kwenye kile chumba nilichokulia, mbuzi wanacheua upande wa pili wa ukuta.

Nilitaka mlango wangu, basi. Nilitaka niufunge kwa ufunguo wangu na nikirudi niufungue mwenyewe. Lakini pato la baraza mnalijua lilivyo, ukinunua sabuni umekosa mafuta ya taa, kwa hiyo niliacha sigara, nikaacha chai ya saa nne na maandazi yake, nikawa nakunywa maji na kusema nimeshiba, na kidogo nilichobakiza namwachia Mzee Shomari aniwekee, kwa sababu nilijijua, zikikaa mfukoni zinapata mbawa.

Shida haikuwa pato peke yake. Kwetu kijana akitaka kutoka, baba yake humpa kipande cha shamba akajenga jirani, akaoa, moshi wa jiko lake ukaonekana kutoka kwa mama yake. Kwenda kulipia chumba cha mtu mjini, tena huna mke, kulionekana kama kutoroka. Nilipomweleza baba alinyamaza. Hakunikatalia, alinyamaza tu, akanyamaza msimu mzima wa maharage, ananipa salamu na kunipisha mlangoni kama mgeni, na mimi mtoto wake wa mwisho niliona bora angenichapa.

Baba alikuwa seremala wa kijiji, mtu wa milango na vigoda na vinu. Jumapili moja nikamkuta nyuma ya nyumba anapiga randa mbao za mninga, mbao nzuri nyekundu ambazo nilijua alizificha darini miaka mingi akisubiri kazi inayozistahili. Nikamuuliza, "Baba, unatengeneza nini?" Akasema, "Kitanda." Nikauliza cha nani. Akapuliza takataka za randa, akasema bila kunitazama, "Cha mtu anayetaka kuondoka." Hakuongeza neno, lakini nilielewa kwamba hiyo ndiyo ruhusa, na ndiyo baraka yenyewe, nikaenda nyuma ya migomba nikalia kwa furaha mpaka mbuzi wakanishangaa. Tulikubaliana kwamba siku chumba kikipatikana nitawaarifu, aje na mbao zake akiunge kitanda huko huko mjini kwa mikono yake, na mama aje na wanawake wenzake na pombe ya ndizi, nyumba iingiwe kwa heshima.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulipoanzia.

Jumamosi moja, siku ya soko, mwalimu mmoja aliyekuwa amepanga uani kwa Mzee Shomari akapata uhamisho, chumba kikabaki wazi, na Mzee Shomari akaniambia mbele ya wateja, "Filipo, chumba hicho, ukikitaka kesho uingie, hukitaki Jumatatu nampa mwingine." Nilitaka kuruka. Ningeweza kufunga cherehani nikapanda kwetu kama kawaida yangu nikawaambia wazazi kwa kinywa changu, lakini nikajiambia, nani atapaka chokaa ukutani? Na pale pale, kama bahati, akatokea Mama Velonika, jirani yetu wa mlimani, anayesali pamoja na mama, ameshauza maharage yake na sasa anarudi.

Akanisalimu kwa Kiha, kwa sauti ya mlimani, "Mwakeye!" Barazani walikuwepo wake za walimu wawili na karani mmoja wa serikali mwenye kalamu tatu mfukoni, na Mzee Shomari mwenyewe amekaa pale, yeye ambaye mtu akisema Kiha dukani kwake huuliza, "Huyu ndege gani amelia?" na watu wanacheka. Nami, jamani, niliona aibu. Nikamjibu mama yule aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, "Salama tu, shikamoo mama," kwa Kiswahili cha puani kama mtu wa redioni.

Halafu nikamtuma kwa Kiswahili hicho hicho. Nilikuwa naipuliza pasi ya mkaa, moshi umeniingia machoni, machozi yananitiririka mpaka kidevuni, nami nasema huku nimekunja uso, "Mama, tafadhali, mwambie mzee kwamba mimi nahama kesho. Nahama. Aje na zile mbao, asikose. Na mama aje na wanawake wenzake."

Mama Velonika alijua Kiswahili cha soko: bei gani, punguza, chenji yangu iko wapi. Akanitazama machozi yale, akashika kichwa, akaniuliza jambo kwa Kiha, kwa sauti ndogo, na mimi (Mungu anisamehe) nikajifanya sijasikia. Akaniwekea mkono begani akasema, "Ihangane, mwanangu." Ihangane kwetu ni kusema vumilia, jikaze. Nikadhani ananipa moyo kwa sababu maisha ya kujitegemea ni magumu. Nikamjibu, "Asante mama, ndio ukubwa huo." Akaondoka anatikisa kichwa.

Jioni ile nilipaka chokaa nikiimba.

Jumapili asubuhi nilivaa bugaluu yangu mpya ya rangi ya maziwa, nikatandika mkeka uani, na dada yangu Anastazia, aliyeolewa pale pale Kasulu, akaja na mumewe kunisaidia kupika. Dada alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, na tulikuwa tunamwangalia kwa hofu kwa sababu mara mbili alikuwa amejifungua watoto wasiolia. Nikamwambia akae tu kwenye kigoda, akoroge sufuria ya wali akiwa amekaa. Shemeji alileta redio yake ya betri. Wapangaji wakatoka vyumbani, Mzee Shomari akaja na kanzu, na nikajiona mtu kati ya watu.

Kama saa tano hivi tukasikia kilio kinakuja kutoka barabarani, vile vilio vya kwetu vya wanawake wengi, mmoja anaanza na wengine wanapokea. Nikasema, masikini, kuna watu wamefiwa. Nikazima redio kwa heshima, nikatoka nje pamoja na wapangaji, nikavua kofia nikaiweka kifuani. Wanaume walitangulia na majembe, nyuma yao jeneza kichwani mwa watu wanne, na wanawake wamejifunga kanga viunoni, na mimi nimesimama pale kando ya njia na kofia yangu kifuani, namwambia jirani yangu kwa huzuni ya kweli, "Tazama mbao za jeneza lile zilivyo nzuri."

Ndipo jeneza likakata kona kuingia uani kwetu.

Chini ya pembe ya mbele alikuwa baba.

Mama alinirukia shingoni. Sauti ilikuwa imemwishia, alikuwa ananong'ona tu, miguu ina tope mpaka magotini, ananiuliza kwa Kiha, "Mmemlaza wapi? Nionyeshe. Usinifiche, nionyeshe mwanangu." Nikasema, "Nani, mama?" Akanipiga kifuani kwa ngumi ndogo ndogo, "Usinifiche!" Walikuwa wamepitia kwanza nyumbani kwa dada wakakuta mlango umefungwa, na jirani wa pale akawaambia kwa nia njema kabisa, watu wote wako kwa Filipo, kuna shughuli. Basi hapo tumaini dogo walilobaki nalo likafa.

Na sasa dada yangu, aliyekuwa nyuma ya nyumba jikoni na hakuona kitu, akatokea na mwiko mkononi, tumbo mbele, akasema, "Mama, mbona mmechelewa hivyo, wali unashika chini."

Wanawake wawili walikimbia. Mmoja aliruka ua wa miti. Mama hakukimbia. Alimwendea dada polepole, akamshika mashavu, akamshika tumbo, akapiga magoti palepale kwenye vumbi akamkumbatia miguu, na kilio alicholia hapo, wenzangu, kilikuwa kikubwa kuliko cha njiani. Dada naye akaanza kulia bila kujua analilia nini.

Halafu watu wakaanza kucheka. Ua ulikuwa umejaa, mtaa mzima umekuja kutazama msiba, na mmoja akacheka, mwingine akapokea, kama wale wanawake walivyokuwa wakipokezana kilio. Mama Velonika akawa anapiga kelele katikati, anajitetea, "Mimi sikutunga! Alisema mwenyewe, anahamba! Alisema mara mbili! Na machozi yalimtoka mnaona hivi hivi! Akasema mbao zije!"

Kwa asiyejua lugha yetu, guhamba kwa Kiha ni kuzika. Mama Velonika alisikia kwamba ninazika kesho, na kwamba baba alete mbao. Alipofika mlimani na habari hiyo wakamuuliza anazika nani, naye hakujua, ila huku mjini, ukiniacha mimi, tulikuwa na mtu mmoja tu wa damu, na mtu huyo alikuwa mjamzito, na mimi nilikuwa nimeonekana nikilia barazani. Nani angehitaji kuuliza zaidi?

Baba na wenzake walishusha jeneza juu ya mkeka wangu mpya, na nikaona kwenye pembe zake vile vifundo vya duara ambavyo alikuwa amevichonga kwa ajili ya miguu ya kitanda. Alikuwa amekata zile mbao. Zote. Akapitisha kiganja juu ya kifuniko kama fundi anavyopima kama randa imekaa sawa, akasema, "Nilikata kwa urefu wangu mwenyewe, maana dada yako alishanifikia kwa kimo."

Nikamwambia, "Baba, nilitaka mbao za kitanda."

Akasema, "Kitanda ndicho hiki."

Watu wa karibu wakaacha kucheka. Baba akaniuliza, kwa upole, na upole wake ndio ulioniua, "Filipo, kwa nini hukumwambia mama huyu kwa Kiha?"

Na Mama Velonika, ambaye hakuwa na ubaya hata chembe, aliyetaka tu kunisaidia mtoto wa mwenzake, akanijibia: "Pale barazani huwa hasemi Kiha. Wakubwa wanakuwepo."

Baba akanitazama kuanzia usoni, akashuka mpaka kwenye bugaluu yangu ya rangi ya maziwa, akatazama na Mzee Shomari na kofia yake, kisha akageuka akaanza kukusanya majembe ya watu.

Mzee Shomari hakuwa mtu mbaya, nisimseme vibaya. Lakini alinivuta pembeni akasema, "Kijana wangu, huu ni uchuro. Jeneza limeingia kwangu halina maiti, na wapangaji wangu wana watoto wadogo. Chumba sikupi. Kodi yako niliyokuwekea chukua yote, na cherehani njoo ushone kama kawaida, lakini hapa usilale hata usiku mmoja." Sikubishana naye, na hata ningebishana, wapangaji walikuwa wameshaanza kuingiza watoto ndani na kufunga milango.

Kwa hiyo niliishi kwenye chumba changu tangu asubuhi mpaka wali ulipoungua.

Wali wenyewe hakuna aliyeula. Jeneza halikuweza kurudi mlimani, wazee walikataza lisipite tena mlango wa nyumba yetu, basi tukalibeba mimi na baba na shemeji mpaka misheni, na padre mmoja akalipokea bila kuuliza maswali mengi, akasema hapakosi maskini wa kusitiriwa. Baba akaling'oa misumari miwili iliyojitokeza, akaipiga upya ikae vizuri, ndipo akaliacha. Kisha tukapanda mlima. Yeye mbele na nyundo yake, mama katikati ameshikwa na wanawake, mimi nyuma na godoro langu la manyasi kichwani, na kila tuliyekutana naye njiani alitupa pole ya msiba, na ilibidi kila mara mtu aeleze.

Dada alijifungua salama, mtoto wa kike, analia kama tarumbeta. Mama baada ya muda akaanza kukicheka kisa, akawa anakisimulia kanisani na kuniigiza Kiswahili changu cha puani, na wanawake wanashika mbavu. Mimi nilifurahi kuchekwa na mama. Ningetoa chochote nichekwe na baba pia. Lakini baba hakucheka wala hakukemea, na hakulisema tena jambo lile, na nyuma ya nyumba hapakusikika randa ikipigwa kwa ajili yangu. Nilibaki nyumbani misimu miwili zaidi, nalala pale pale na mbuzi wangu, ninaona haya hata kuulizia mbao.

Nilipopata tena chumba, upande mwingine kabisa wa mji, kwa mwenye nyumba asiyejua habari zangu, nilipanda mlimani mwenyewe katikati ya juma, nikaacha kazi ya watu mezani. Nikamkuta baba anatia mpini jembe. Nikakaa chini ardhini, sikukaa kwenye kigoda, nikamwambia kwa Kiha chetu kile kile cha nyumbani, taratibu, kwamba nimepata mahali na naomba kuondoka. Akasema, "Nimesikia. Nenda salama." Nikashukuru. Nikasubiri. Nikamwambia, "Baba, na utakuja kuniona?"

Akaupima mpini kwa jicho, akaugonga mara moja kwenye jiwe.

"Kwako nilikwisha kuja, mwanangu," akasema.

Na kweli hakuja tena. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawa anashuka Kasulu kuuza vinu vyake, anapita kwa dada, anakula, anacheza na mjukuu wake, halafu anapanda mlima. Mama alikuwa akija kwangu na kulala, yeye hapana. Nilinunua kitanda kwa fundi mwingine, kitanda cha kawaida tu, na sikuwahi kulala juu yake nikapata usingizi mzuri wa mtu aliye kwake.

Basi na mimi nikajiwekea nadhiri, na sijaivunja mpaka leo na mvi hizi. Neno lolote linalomhusu mtu wangu, liwe dogo namna gani, simtumi mtu. Naenda mwenyewe, kwa miguu ikibidi, namtazama usoni, nalisema kwa lugha niliyonyonyea, na awepo karani, awepo mwalimu, awepo nani sijui, wacheke wanavyotaka. Barazani kwangu sasa kila anayekuja namsalimu kwa Kiha kwanza. Vijana wangu wa cherehani wananiona mshamba, nami nawaacha.